Chuchu ya Mpira na Usiku wa Mtoto Mchanga Kandokando ya Mto Rusizi

Chuchu ya mpira, ambayo watu wa Bukavu na Kamembe, miji ya mpaka wa Kongo na Rwanda, huiita tetine kwa kufuata Kifaransa, ni kifaa cha kumtuliza mtoto kwa kumpa kitu cha kunyonya kisichotoa maziwa. Mtoto mchanga huzaliwa na hamu ya kunyonya inayozidi njaa yake. Hunyonya akiwa na usingizi, akiwa na baridi, akishtushwa na kelele, na wakati mwingine bila sababu yoyote ambayo mtu mzima anaweza kuitaja. Katika nchi ya juu inayozunguka kusini mwa Ziwa Kivu, hamu hiyo ilikidhiwa kwa titi la mama, na usiku titi halikuwa na mpinzani. Kwa hiyo chuchu bandia haikuingia hapa kwa sababu watoto walikuwa hawalali. Iliingia kwa kufuata mambo yaliyomweka mama mbali na mtoto wake: mshahara, saa ya ukutani, ukimbizi, na mpaka.

Mpaka huo ni Rusizi I, kituo kilicho katika wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, eneo lililokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Hapo mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu na kuanza safari yake kuelekea Ziwa Tanganyika. Upande mmoja wa daraja ni Rwanda, upande wa pili ni Bukavu, mji wa Kongo. Jina hilohilo limepewa bwawa la umeme lililojengwa na Wabelgiji chini kidogo ya hapo, huko Mururu, mwishoni mwa miaka ya 1950. Uso wa ziwa uko karibu meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa huko una baridi ya kweli. Mtoto kulala amegandamana na mama yake lilikuwa jambo la lazima kabla halijawa mila.

Mila yenyewe ilianza na siku nane. Mzazi wa Kinyarwanda alikaa ndani na mtoto wake tangu kujifungua hadi siku ya nane, siku ambayo mtoto alipewa jina na watoto wa jirani wakaalikwa kula pamoja. Katika siku hizo hakushika jembe wala mtungi. Majirani walimletea uji wa mtama, igikoma, ambao hadi leo huhesabiwa kuwa chakula cha kuleta maziwa, na kumtembelea mzazi kwa uji ni adabu isiyosamehewa ikikosekana. Pwani ya Waswahili kipindi hicho ni siku arobaini, na uji wake una pilipili manga, lakini kazi yake ni ileile: mama na mtoto wanaachwa wazoeane, maziwa yakubali kushuka, na mtu mwingine abebe mzigo wa nyumba.

Baada ya hapo mama alirudi shambani na mtoto mgongoni. Mtoto alibebwa katika ingobyi, mbeleko ya ngozi ya kondoo au mbuzi iliyolainishwa kwa siagi, iliyofungwa kifuani na kiunoni. Leo kazi hiyo hufanywa na kitenge na taulo nene la kukinga baridi. Mtoto akilia, mbeleko ilizungushwa mbele. Kilio hakikupewa nafasi ya kukomaa. Usiku walilala kwenye kitanda kimoja au mkeka mmoja, na mtoto alinyonya mara nyingi bila mama kuamka sawasawa. Palikuwa pia na nyimbo za kubembeleza, ibihozo, ambazo Kinyarwanda kimezitunza kama utanzu kamili wa fasihi simulizi, na palikuwa na bibi wa kuziimba, ila bibi alimbembeleza mtoto wa mchana. Wa usiku alikuwa wa mama.

Haifai kuipamba hali hiyo. Mama alipokufa katika uzazi, au alipopata pacha na maziwa yakawa haba, hapakuwa na dawa rahisi. Wenye ng'ombe walijaribu maziwa ya ng'ombe. Wasio na ng'ombe walimtafuta ndugu mwenye mtoto mchanga, na mara nyingi mtoto hakupona. Mama mwenyewe alichoka. Wanaosifu malezi ya zamani mara nyingi ni watu ambao hawakuamka usiku.

Ulaya ilikuwa na historia nyingine. Huko kitambaa kilichofungwa bonge la mkate, sukari au mbegu za mpopi kilitumika kwa karne nyingi kumnyamazisha mtoto. Mchoraji Albrecht Dürer alimchora mtoto Yesu akiwa na kitambaa cha namna hiyo katika picha yake ya mwaka 1506. Matajiri walikuwa na marijani na fedha, masikini walikuwa na tambara. Mambo yalibadilika pale Charles Goodyear alipopata hataza ya kuimarisha mpira kwa salfa mwaka 1844. Mwaka uliofuata Mmarekani Elijah Pratt akapata hataza ya chuchu ya mpira kwa ajili ya chupa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwapo tayari chuchu ya kutuliza tunayoitambua leo: mpira wa kunyonya, bamba la kuzuia isimezwe, na pete ya kushikia. Inafaa kukumbuka kwamba katika miongo hiyohiyo wanakijiji wa misitu ya Kongo walikuwa wakilazimishwa kwa kiboko kukamua mpira kwa ajili ya viwanda vya Ulaya, ingawa sehemu kubwa ya mpira huo iliishia kwenye magurudumu, si kwenye vinywa vya watoto.

Madaktari wa Ulaya hawakuipenda chuchu hiyo. Waliiona chafu, na hawakukosea: mpira wa wakati huo ulinuka, ulipasuka na kuhifadhi vijidudu. Ndugu yake mbaya zaidi, chupa yenye mrija mrefu wa mpira, ilipigwa marufuku nchini Ufaransa kwa sheria ya mwaka 1910. Lakini madaktari haohao walileta jambo lililoipa chuchu bandia kazi ya kufanya, yaani ratiba. Truby King wa New Zealand, aliyeanzisha chama cha Plunket mwaka 1907, alifundisha kwamba mtoto anyonyeshwe kila baada ya saa nne, na usiku asinyonyeshwe kabisa. Fundisho la kunyonyesha kwa saa lilienea katika wodi za uzazi za Ulaya na kusafiri na wauguzi na watawa hadi makoloni. Mtoto aliyefundishwa kungoja saa nne lazima apewe kitu cha kungojea.

Kandokando ya Rusizi mafundisho hayo yalipitia misheni na zahanati. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Mibirizi, kusini mwa Cyangugu, mwaka 1903, wakati Wajerumani wakiitawala Rwanda kwa mbali. Wabelgiji waliichukua nchi mwaka 1916, na kwa kuwa walikuwa tayari ng'ambo ya mto, sera zao za afya za Kongo zilivuka daraja kirahisi. Kuhusu unyonyeshaji, sera hizo zilikuwa za ajabu kidogo. Mwaka 1912 jumuiya ya kulinda watoto weusi wa Kongo ilianzishwa nchini Ubelgiji, na baada yake vikaja vituo vya kupimia watoto wachanga na kuwagawia maziwa. Nia ya kuokoa watoto ilikuwa ya kweli. Lakini nyuma yake palikuwa na hesabu ya vibarua: watawala walihofia kwamba wanawake wa Kongo walipitisha miaka miwili hadi minne kati ya mtoto na mtoto, na kwamba unyonyeshaji mrefu, pamoja na mwiko wa mume kumkaribia mke anayenyonyesha, ndio uliokuwa ukiwanyima migodi wafanyakazi wa kesho. Kampuni ya madini ya Union Minière huko Katanga ilianza katika miaka ya 1920 kuwapa watoto wa kambi zake maziwa na uji ili walikizwe mapema.

Mwiko huo haukuwa wa Kongo tu. Waswahili wana neno kubemenda kwa kosa la wazazi kurudiana mapema na kumdhoofisha mtoto aliye ziwani, na wazo linalofanana nalo limeenea Afrika Mashariki nzima. Sababu inayotolewa haikubaliani na elimu ya leo, maana maziwa hayaharibiki kwa tendo la ndoa. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa kinga. Mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mama ameshika mimba nyingine ndiye aliyevimba miguu na kubadilika nywele, ugonjwa ambao Cicely Williams aliueleza kutoka Gold Coast (Ghana ya leo) katika miaka ya 1930 kwa jina la kwashiorkor na ambao watu wa Rwanda na Kivu wanaujua kwa jina la bwaki. Wanasayansi wa taasisi ya utafiti ya IRSAC huko Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, iliyoundwa mwaka 1947, waliufanya ugonjwa huo kuwa moja ya masomo yao makuu, na eneo la Kivu likawa mojawapo ya mahali ulipochunguzwa kwa kina zaidi Afrika.

Ni katika mazingira hayo ya utafiti ndipo usiku wa mtoto wa Kivu na Rwanda ulipoingia katika vitabu vya tiba vya dunia. Mwaka 1969 watafiti Bonte na van Balen walichapisha uchunguzi wao juu ya unyonyeshaji na nafasi kati ya watoto nchini Rwanda. Wanawake wa mashambani na wa mjini wote walinyonyesha kwa muda mrefu, lakini wa mjini walishika mimba mapema zaidi. Kilichowatofautisha ni namna ya kunyonyesha: wa shambani alikuwa na mtoto mgongoni mchana na ubavuni usiku, akinyonya kila alipotaka, wa mjini alianza kufuata saa na kumweka mtoto kando.

Kisha, mwaka 1976 na 1977, kundi la watafiti la Delvoye na Robyn lilichapisha vipimo vya damu ya akina mama wa Kivu, ng'ambo ya mto, likitafuta homoni ya prolaktini ambayo huamrisha utengenezaji wa maziwa na kuzuia yai kupevuka. Waliwagawa akina mama kwa idadi ya mara walizonyonyesha kwa siku. Waliozidi mara sita walibaki na prolaktini ya juu kwa zaidi ya mwaka. Kwa walionyonyesha mara chache ilishuka mapema. Jambo lililozoeleka kutajwa kwa umri wa mtoto au lishe ya mama likageuka kuwa hesabu ya midomo: kila mnyonyo ni agizo jipya la maziwa. Na kwa kuwa prolaktini hupanda zaidi usiku, mnyonyo wa saa nane za usiku, ule ambao mama aliyechoka angependa zaidi kuukwepa, ndio wenye uzito mkubwa.

Hapo ndipo hoja nzito zaidi dhidi ya chuchu ya mpira katika wiki za mwanzo inapotoka, na inafaa kuitambua kama elimu iliyochangiwa na wanawake wa ukanda huu. Mtoto wa siku kumi anayeamka usiku na kupewa chuchu bandia atatulia, maana hamu yake ya kunyonya imepata kitu. Lakini titi halikupata agizo. Ikitokea mara moja si kitu. Ikawa desturi ya kila usiku, uzito wa mtoto unaweza kukwama, maziwa ya mama yakajaa na kuuma kabla ya kuanza kupungua, na mama akaamini kwamba hana maziwa ya kutosha, sababu ambayo huwasukuma akina mama wengi kuanza maziwa ya kopo.

Siasa ya kopo ilikuwa tayari imechafuka. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu kilichozishutumu kampuni za maziwa ya unga kwa namna zilivyouza bidhaa zao katika nchi maskini, na mwaka 1977 ukaanza mgomo wa kimataifa dhidi ya Nestlé. Mei 1981 Baraza la Afya Duniani lilipitisha Kanuni ya Kimataifa ya uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama kwa kura 118 dhidi ya moja, ya Marekani. Chupa na chuchu zake zilitiwa katika kanuni hiyo. Chuchu ya kutuliza ilishughulikiwa mwaka 1989, WHO na UNICEF walipotoa Hatua Kumi za unyonyeshaji wenye mafanikio. Hatua ya tisa iliwaagiza wahudumu wasiwape watoto wanaonyonya chuchu bandia za aina yoyote. Tangu mwaka 1991 hospitali zilipimwa kwa hatua hizo ili zitambuliwe kuwa rafiki wa mtoto.

Katika Cyangugu agizo hilo lilikutana na msiba kabla halijazoeleka. Julai na Agosti 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, umati mkubwa ulivuka Rusizi kuingia Bukavu, wakiwamo wanawake wenye watoto wa siku chache. Kambini chupa na chuchu ni hatari kuliko kijijini, kwa kuwa hapana maji ya uhakika wala kuni za kuyachemshia. Kwa sababu hiyo mashirika ya wakimbizi hujaribu kuzuia misaada ya aina hiyo hata inapotumwa kwa moyo mwema. Miaka michache baadaye Ukimwi ulilivuruga fundisho lenyewe: kwa muda, mama mwenye virusi aliambiwa kwamba titi lake linaweza kumuua mtoto, na akashauriwa kutumia maziwa mbadala kama ana uwezo wa kuyatayarisha kwa usalama. Dawa za kudhibiti virusi ndizo zilizorudisha utulivu. Kufuatia mwongozo wa WHO wa mwaka 2010, mama anayemeza dawa zake aliweza kunyonyesha.

Rwanda ya baada ya hapo imekuwa miongoni mwa nchi zinazonyonyesha zaidi duniani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014–15 ulikuta asilimia 87 ya watoto wa chini ya miezi sita wakipewa maziwa ya mama peke yake. Ule wa 2019–20 ulikuta asilimia 81. Mteremko huo haujaifanya Rwanda nchi ya kopo, lakini unaendana na jinsi maisha ya mchana yanavyobadilika, na mahali pa kuyaona mabadiliko hayo kwa karibu ni kwenye daraja la Rusizi I.

Wachuuzi wadogo wanaovuka hapo, wengi wao wanawake, hupeleka Bukavu mboga, nyanya, maziwa, samaki na kuku, na hurudi na vitenge na bidhaa nyingine. Faida ya siku ni ndogo na mtaji unategemea kuuza kabla bidhaa haijaharibika, kwa hiyo likizo ya uzazi yenye malipo ambayo sheria ya mwaka 2016 ilimhakikishia mwajiriwa wa Rwanda haimgusi mchuuzi. Wiki chache baada ya kujifungua anarudi kwenye foleni. Akiwa na mtoto mgongoni atasongwa na umati na jua. Akimwacha, atamwachia bibi, jirani, au binti mdogo anayelipwa kidogo kukaa naye karibu na mpaka. Katika mipaka ya Rwanda na Kongo vilianzishwa vituo vya kulelea watoto wa wachuuzi kwa sababu hiyo hasa, ili mama apite amnyonyeshe kati ya safari mbili.

Chuchu ya mpira hapa ni chombo cha mlezi kuliko cha mama. Binti wa miaka kumi na mitatu aliyeachiwa mtoto hana titi la kutoa, na kilio cha mtoto kinampa hofu. Anamtia chuchu. Ikidondoka kwenye vumbi anaifuta kwa ncha ya kitenge, au anaitia kinywani mwake kwanza kisha anamrudishia mtoto, akiamini ameiosha. Ikifungwa kwa uzi shingoni ili isipotee, uzi wenyewe ni hatari ya kumkaba mtoto usingizini. Na ikikosa kumtuliza, kuna anayeichovya katika sukari au asali, asali ambayo mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapaswi kupewa kabisa kwa hofu ya sumu ya botulizimu.

Usiku mambo hugeuka. Mtoto aliyenyonya kidogo mchana hudai deni lake baada ya mama kurudi, akanyonya kila baada ya saa moja au mbili hadi alfajiri. Mama huliona tatizo la usingizi. Kwa kweli ni miili ya mtoto na mama ikifidia mchana uliopotea, na fidia hiyo ndiyo inayofanya maziwa ya mchuuzi yasikatike. Kumpa chuchu bandia saa hizo ni kufunga mlango pekee uliobaki wazi.

Elimu ya kisasa haijaibakiza chuchu ya mpira katika kundi la maovu matupu. Katika mji wa Pelotas, Brazili, uchunguzi wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watoto walioizoea waliacha ziwa mapema. Lakini jaribio la Kramer na wenzake huko Montreal, lililochapishwa mwaka 2001, lilidokeza kwamba mara nyingi chuchu ni dalili ya unyonyeshaji uliokwisha kupata matatizo na si chanzo chake. Mwaka 2005 madaktari wa watoto wa Marekani waliipendekeza wakati wa kulala kwa kuwa inaendana na upungufu wa vifo vya ghafla vya usingizini, wakiongeza kwamba mtoto anayenyonya asubiri kama mwezi mmoja hadi unyonyeshaji ukae sawa. Tafiti hizo zilifanywa katika nchi za chupa, vitanda vya watoto na vyumba vya peke yao, hivyo haziwezi kuhamishiwa Kamembe bila kupunguzwa.

Mwaka 2018 WHO na UNICEF walizirekebisha Hatua Kumi. Hatua ya tisa haikatazi tena. Inataka mama ashauriwe kuhusu matumizi na hatari za chupa na chuchu bandia. Kwa mzazi wa Rusizi ushauri huo huwa mfupi. Katika mwezi wa kwanza mtoto akiamka usiku apewe titi, na kama amekwisha kushiba abebwe, akumbatiwe ngozi kwa ngozi au aimbiwe. Baadaye, kama chuchu ni lazima kwa ajili ya mlezi wa mchana, iwe ya kipande kimoja kisichoachana, ichemshwe kwenye sufuria kila siku, isifungwe kwa uzi shingoni, isichovywe katika kitu chochote, na itupwe mara mpira unapoanza kunata au kupasuka. Mama anayeweza kukamua maziwa huyaacha katika kikombe safi chenye kifuniko, na mlezi humnywesha mtoto kwa kikombe hichohicho, kidogo kidogo.